OMBI LA KUKATAZA VITABU: KWA NINI TAWI HALITII SAHIHI



Karatasi moja imekuwa ikipita mikononi mwa watu hapa Riruta Satellite, Kawangware na Kabiria, na sasa imefika mezani kwa karani wa tawi letu. Yaomba Serikali ipige marufuku kitabu kimoja cha hadithi ambacho watoto wa mtaa wamekutwa nacho. Tena yaomba pia kwamba kitabu cho chote cha hadithi kisiuzwe wala kuazimwa kwa mtoto mpaka kwanza kipitiwe na ofisi ya Serikali. Wenye karatasi wataka chama kitie sahihi na kugonga muhuri, kwa maana, wasema, muhuri wa chama una nguvu kuliko sahihi za watu mia. Kwa hilo la muhuri wamesema kweli, na ndiyo sababu hatuugongi ovyo. Halmashauri ya tawi imekaa, imesema, na jawabu ni hapana. Twaeleza hapa sababu zetu, asije mtu akatangaza vituoni ya kuwa chama kinapenda watoto waharibike.

Kwanza tuwape haki yao wenye karatasi. Wengi wao ni wanachama wetu. Ni akina mama wanaofanya kazi za nyumba Lavington na Kileleshwa, na akina baba wa Industrial Area na wa mijengo. Mama aliyefua nguo za watu tangu asubuhi, akirudi usiku akamkuta mtoto wa miaka 9 anasoma mambo ya chumbani, ana haki ya kukasirika. Sisi nasi tuna watoto. Wala hatusemi kwamba kitabu hakiwezi kumdhuru mtu. Kama vitabu havina nguvu, basi tunahangaika na karo za shule kwa nini?

Lakini tuliuliza swali moja katika mkutano: ni nani kati yenu amekisoma kitabu hiki tangu mwanzo hata mwisho? Palikuwa kimya. Kilichosomwa ni picha ya ukurasa mmoja, iliyopita katika simu, toka kundi hili la WhatsApp hata kundi lile, na maneno ya hasira chini yake. Hapakuwa na mtu aliyejua kimeandikwa kwa watoto wa umri gani, wala ukurasa unaofuata wasema nini. Ndugu zetu, mwajiri akimfukuza mtu kazi kwa sababu ya ukurasa mmoja uliotolewa katika faili lake, chama chafanya nini? Chadai faili lote liletwe mezani. Desturi hiyo ndiyo imewarudisha kazini watu wengi wa tawi hili. Hatuwezi kuishika kwa mfanya kazi halafu tuiache kwa kitabu.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni habari ya nchi yetu yenyewe. Vijana wa siku hizi huenda hawaijui, basi tutaisema kwa urefu kidogo.

Marufuku ya maandishi katika Kenya hayakuanza kwa kulinda watoto. Yalianza kwa kuwanyamazisha watu wazima, na wafanya kazi walikuwa mstari wa mbele. Makhan Singh, aliyekuwa mtu wa kazi ya kupiga chapa hapa Nairobi na mmoja wa waanzilishi wa vyama vya wafanya kazi katika nchi hii, alikamatwa Mei 1950 pamoja na Fred Kubai. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mnamo Oktoba 1952, magazeti ya Waafrika yalifungwa, na Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa vitabu vya Kikuyu, alitiwa kizuizini. Serikali ya wakoloni ilisema ilikuwa ikiwalinda watu wajinga wasidanganywe. Hao wajinga walikuwa baba zetu na mama zetu.

Tukapata Uhuru. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi? Kiliuliza swali, basi. Alifungwa miaka 3. Akiwa gerezani aliandika mashairi juu ya karatasi za chooni, yakatolewa kuwa kitabu mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu hicho kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Yaani mtu alifungwa kwa maandishi yake, kisha maandishi ya kifungoni yakapewa tuzo yenye jina la Rais wa Serikali ile ile iliyomfunga. Mwenye kutaka kujua kama wakubwa wanajua kuchagua vitabu, na aitafakari habari hiyo kwa nafasi yake.

Halafu ikaja habari ya Kamirithu, Limuru, si mbali na kwetu. Mwaka 1977 wakulima na wafanya kazi wa pale walijenga kiwanja chao cha michezo kwa mikono yao, wakacheza mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda. Ulikuwa mchezo wa kibarua na kipande chake kidogo cha shamba, na tajiri aliyekitamani. Watu walijaa. Mnamo Novemba 16, 1977 leseni ikaondolewa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa, akakaa Kamiti bila kushtakiwa mahakamani mpaka Desemba 1978. Mwaka 1982 polisi walikwenda wakakibomoa kiwanja chenyewe. Katika mambo yote hayo, ni mtoto gani aliyelindwa? Watoto wa Kamirithu walikuwa pale wakiwaona wazazi wao, watu wa jembe na wa kiwanda, wakiwa na maneno ya kusema mbele ya watu. Hilo ndilo walilonyang'anywa.

Mwaka huo huo wa 1982 mwalimu wa historia Maina wa Kinyatti alihukumiwa miaka 6 kwa kosa la kuwa na karatasi iliyoitwa ya uchochezi. Sikilizeni vizuri: kwa kuwa nayo. Vifungu vya uchochezi katika Kanuni ya Adhabu havikufutwa mpaka 1997. Na mwaka 1986 ilitoka hadithi ya Ngũgĩ iitwayo Matigari. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba watu mashambani walikuwa wakimtaja Matigari huyu, mtu anayezunguka nchi akiuliza haki iko wapi, na wakubwa wakatoa amri akamatwe. Ndipo wakajulishwa ya kuwa Matigari ni mtu wa kitabuni tu! Walipomkosa yeye walikikamata kitabu chake, kikaondolewa madukani Februari 1987. Tunacheka leo, lakini wenye maduka ya vitabu hawakucheka siku ile.

Tunajua jawabu la wenye karatasi. Watasema: hayo yalikuwa mambo ya siasa, sisi twasema habari ya adabu. Vema. Tutazame ya adabu.

Katika miaka ya 1970 David Maillu alikuwa akitoa hapa Nairobi vitabu vidogo vya bei ndogo, My Dear Bottle na After 4.30 na vinginevyo, habari za ulevi, za makarani na wakubwa wao wa ofisi baada ya saa za kazi. Watu wa kazi walivinunua sana kwa sababu walijiona humo. Mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku. Sasa, ni vitabu vya kumpa mtoto wa miaka 10? La, hata kidogo. Lakini je, mwanamke mwandika taipu, aliyetaka kusoma habari za mkubwa anayemsumbua ofisini, yeye naye ni mtoto? Amri ile haikumwuliza umri wake. Hapo ndipo ubaya wa marufuku: yasemwa kwa ajili ya mtoto, na mlango unafungwa kwa mama yake.

Na Februari 2023, huko huko Tanzania, Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza marufuku ya vitabu 16 katika shule, na ndani yake mkawa na mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Mmarekani Jeff Kinney, hadithi na vikatuni vya kijana mmoja mvivu wa shule. Hatuwagombezi jirani zetu. Serikali ina wajibu juu ya shule zake. Twasema tu kwamba marufuku yale yalikuwa ya shuleni. Mtoto akitoka pale langoni, Waziri hayuko tena. Aliyeko ni mzazi, au hakuna mtu.

Wala msidhani ni mambo ya Afrika peke yake. Marekani, nchi inayojisifu kwa uhuru wa kusema, chama cha waandishi kiitwacho PEN America kilihesabu visa zaidi ya 10,000 vya vitabu kuondolewa katika shule za umma, katika mwaka mmoja tu wa masomo, 2023–24. Wazazi wachache wenye sauti kubwa huandika malalamiko, na wazazi wengine wote huamka asubuhi wakakuta wameamuliwa.

Hapa petu yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo karatasi ile imeyachanganya. Iko ofisi ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ambayo kazi yake ni kupitisha vitabu vya kufundishia shuleni. Kazi hiyo ni halali na hatuipingi. Mwalimu akiwapa watoto darasani kitabu kisichofaa, mzazi aende kwa mwalimu mkuu, na asiposikizwa aende mbele. Chama kitamwandikia barua akitaka. Lakini kitabu kutokuwa katika orodha ya shule si kusema kimeharimishwa nyumbani. Biblia ya bibi yako na gazeti la jana haviko katika orodha ya hadithi za shule. Karatasi ile yataka ofisi itoke shuleni, ije mpaka chini ya kitanda cha mtoto Satellite. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 33, yampa kila mtu uhuru wa kutafuta na kupokea habari na mawazo, na mipaka iliyowekwa ni mambo kama kuchochea vita, fujo na chuki. Tumeutumia uhuru huo mara nyingi kugawa makaratasi ya mgomo. Tutakuwa watu gani tukiupunguza wenyewe kwa muhuri wetu?

Basi nani amwongoze mtoto? Mzazi. Na tuseme wazi kwamba kumwongoza si kumpokonya.

Mzazi akisema, "Hiki bado, mwanangu, utakisoma ukifika sekondari," hiyo ni amri halali kabisa. Ni ya mtoto mmoja anayejulikana tabia yake, na yaweza kubadilika mwakani. Mtoto mwingine wa umri ule ule, nyumba ya pili, mama yake anaona yuko tayari. Hilo ni shauri la mama yake. Amri ya Serikali haimjui mtoto hata mmoja kwa jina.

Tena mtoto aliyepokonywa kitabu bila neno hufanya nini? Hukitafuta. Na asipokipata yuko na simu, ambamo mna mambo ambayo hakuna mwandishi wa vitabu angethubutu kuyaandika. Tumeona wazazi wanaotia sahihi dhidi ya kitabu cha kurasa 100 huku simu yao iko mkononi mwa mtoto tangu magharibi ili anyamaze. Hatusemi kwa kumtukana mtu, kuchoka twakujua.

Wengine hutwambia, "Mimi kusoma kwenyewe ni kwa shida, Kiingereza sikijui, nitamwongozaje?" Twajibu kwa jambo lililotendeka. Ngũgĩ alipotoa Caitaani Mũtharabainĩ mwaka 1980, hadithi aliyoiandika Kamiti nayo juu ya karatasi za chooni, nakala 15,000 zilitoka mwaka ule ule, na waliosikia kilichomo walikuwa wengi kuliko walionunua. Ameeleza jinsi familia zilivyokaa jioni, mmoja anayejua kusoma akasoma kwa sauti, wengine wakasikiliza. Wafanya kazi walisomeana saa ya chakula cha mchana. Hata katika vilabu vya pombe msomaji alisoma, na glasi yake ikikauka akanyamaza mpaka aongezwe. (Msomaji wa namna hiyo kila tawi lingemtaka awe karani wake.) Basi mzazi asiyejua kusoma na amwambie mtoto: nisomee. Na kama ni Kiingereza: niambie kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, huyu mtu amefanya nini, na wewe waonaje, alifanya vema? Dakika 20 tu. Mtoto akifika mahali pabaya sauti yake itabadilika, nawe utajua. Hapo ndipo pa kusema naye yale ambayo mababu zetu walikuwa na watu maalum wa kuyasema, na ambayo hapa mjini hayana wa kuyasema ila wewe.

Dakika 20, tumesema. Na hapo twafika kwenye jambo lenyewe la chama.

Sheria ya mishahara ya jumla yaruhusu saa za kazi 52 kwa juma, siku 6, na kwa wa usiku saa 60. Gawanyeni 52 kwa 6: ni saa 8 na dakika 40 kila siku, na hiyo ni kwa mwajiri anayefuata sheria. Ongezeni mwendo wa miguu kutoka Kibera mpaka Industrial Area na kurudi, au kukaa ndani ya 46 wakati wa msongamano. Walinzi wetu huondoka jioni mtoto akiingia, hurudi asubuhi mtoto ameondoka. Mama wa kazi ya nyumba hulaza watoto wa mwenye nyumba, huwasomea pengine hadithi za vitabu vya picha wapate usingizi, na wa kwake amelala saa nyingi hajamwona. Watu wanaosema "wazazi wa siku hizi hawaongozi watoto" tungependa waje wasimame Naivasha Road saa 11 alfajiri, wawahesabu wazazi wanaopita kwa miguu. Kumwongoza mtoto kwahitaji saa, na saa zetu zimeuzwa kwa bei ndogo. Kila tunapodai saa za ziada zilipwe, au siku ya mapumziko iheshimiwe, tunadai na hizo dakika 20.

Na kitabu chenyewe kiko wapi? Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviweka vitabu chini ya kodi ya asilimia 16, navyo zamani havikutozwa. Kitabu cha shilingi 500 kinaongezwa shilingi 80, na 80 kwetu ni nauli. Maktaba ya McMillan, kule Banda Street, ilifunguliwa mwaka 1931, na mpaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Leo mlango u wazi, lakini kutoka Satellite mpaka mjini ni kama kilomita 10. Watu wa Eastlands wana maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo shirika la Book Bunk lilianza kazi ya kuzitengeneza upya baada ya kuanzishwa mwaka 2017. Kibera iko maktaba ya Shirika la Maktaba la Taifa, KNLS, lakini mtoto mdogo wa Satellite kuifikia hana budi kuvuka Ngong Road, na mwenye akili hamtumi peke yake. Mtaani kwetu mtoto amekwisha kukatazwa vitabu vyote, vizuri na vibaya, bila Waziri ye yote kutia sahihi. Ndiyo sababu ukurasa mmoja mbaya ukiingia unaonekana mkubwa namna ile: hauna ndugu wa kuushindania.

Kwa hiyo tawi limeandika barua yake. Inakwenda kwa Serikali ya Kaunti ya Nairobi, nakala kwa mwakilishi wetu wa wadi na kwa Mbunge. Yadai chumba cha kusomea katika eneo hili, kiwe na mtu wa kukitunza aliyeajiriwa kwa mshahara wa halali, na kifunguliwe jioni na Jumapili, maana maktaba inayofungwa saa 11 jioni ni maktaba ya watu wasio na kazi. Barua ya pili inakwenda makao makuu ya chama, kuomba habari ya kodi ya vitabu ipelekwe pamoja na madai yetu mengine ya bei za vitu. Mpaka majibu yaje, ofisi ya tawi itakuwa wazi kila Jumamosi baada ya saa 8 mchana. Wanachama walete vitabu walivyonavyo, vya Kiswahili, vya Kiingereza au vya lugha zao, na mzazi atakayeleta mtoto akae naye. Kitabu kinachobishaniwa kipo pia. Karani amekinunua, kiko katika sanduku lake, na mtu mzima aweza kukiazima, akisome chote, arudi aseme maoni yake katika mkutano wa mwezi ujao.

Karatasi ya ombi iko kwa karani vile vile. Wenyewe waje waichukue; hatukuandika neno lo lote juu yake.